Aliyepandisha Maji Kituluni

"Usimwage maji kwanza," Ndeti, mwenye biashara ya kutembeza watalii, alimnong'oneza Wavinya, wageni wakishuka kwenye gari lake. "Na leo, mwaitu, mama yetu, uwape ile hadithi ya kuchekesha. Ukianza ile yako tena, kesho usikuje. Hiyo refleka utaniachia hapa hapa."

Wavinya aliuweka sawa mzigo wake. Alisimama kando ya barabara ya Kituluni, refleka, kile kizibao cha kazi kinachong'aa, kifuani, jerikeni ya maji mgongoni, na mukwa, ule mkanda wa ngozi wa kubebea, ukimbana kwenye paji la uso. Tangu amzike mumewe, kazi ya kutembeza wageni Machakos ndiyo iliyomlisha, na tena aliipenda.

Asubuhi walikuwa wameanzia mjini. Aliwaonyesha majengo ya mkoloni, akawasimulia jinsi jina la Masaku, mtabiri wa kale, lilivyopindwa midomoni mwa Waingereza mpaka likawa Machakos. Wageni wakasikitika. Jina la mtu si la kuchezea. Lakini hapa kilimani, ambapo maji yakimwagwa barabarani huonekana yakipanda mlima, palikuwa na mtu ambaye hata jina la kupindwa hakuwa nalo.

Ndeti akaanza kusimulia mwenyewe. "Hapa waliishi wanaume wawili, mke ni mmoja! Bwana huyu upande huu wa kilima, yule mwingine upande ule. Huyo mama alikuwa na kazi!"

Wanaume wakaangua kicheko. Mmoja akauliza Krismasi alikuwa akila kwa nani.

Hasira zikampanda Wavinya hadi mukwa ukamwasha.

"Kazi alikuwa nayo kweli," akasema kwa sauti kubwa. "Nyumba mbili, mto uko huko chini, na yeye na mukwa yake. Hao mabwana wawili mnawachekea, ni gani alibeba kibuyu hata siku moja?"

Kicheko kikakatika.

"Mwaitu!" Ndeti akafoka.

"Ngoja nimalize, Ndeti. Watu wanakuja hapa na vipimo, wanashangaa ati maji yanapanda mlima. Mimi sishangai. Huku kwetu maji yamepanda mlima miaka yote, kwa mgongo ya mwanamke."

Mgeni mmoja aliyeitwa Fathia, mfanyabiashara wa nguo, akasogea mbele akishika buibui lake. "Na huyo mama alikuwa anaitwa nani?"

"Sijui, dada yangu. Hakuna mtu aliuliza."

Ndeti alikuwa amesimama hatua chache upande wa juu, mkono ameunyoosha. "Refleka."

Wavinya akatua jerikeni. Akaivua refleka, akaikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akaiweka juu ya jiwe. Moyo ulimuuma; angesema haukumuuma angekuwa anadanganya.

"Haya, sasa mwaga maji tumalize," Ndeti akasema.

"Refleka ni yako. Maji nimechota mimi." Akafungua kifuniko polepole. "Nitamwagia huyu ameuliza jina."

Akainamisha jerikeni miguuni pa Fathia. Maji yakasita kidogo barabarani, yakajikusanya, kisha yakaanza kupanda. Safari hii hakuna aliyecheka. Yalipanda taratibu kuelekea aliposimama Ndeti, naye akarudi nyuma hatua moja, halafu nyingine, akiinua viatu vyake.