Mablanketi Manane ya Kijivu

Mtaa mzima ulimwita Dokta, ingawa hakuwa daktari. Alikuwa muuguzi wa wodi ya majeruhi, mwaka wa kumi na tisa sasa, na sifa yake kubwa ilikuwa kushona. Mtu akiletwa amepasuka paji la uso, akamkuta Dokta yupo zamu, basi huyo ana bahati yake. Mkono wa Dokta ulikuwa mwepesi na mdomo wake hauchoki. Atakuuliza habari za wanao, atakusimulia za jirani yake na mbuzi wake mkorofi, na wewe umekunja uso unangoja kuumia, kumbe ameshakata uzi. "Tayari. Shuka kitandani, kuna wenzako."

Mkono huohuo ulikuwa na kazi nyingine nyumbani. Dokta alikuwa akishona mablanketi ya viraka.

Aliyemponza ni mkewe. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na chumba chake cha kushonea kilikuwa mbele ya nyumba yao, mlango ukitazama barabarani. Chini ya meza ya kukatia palijaa magunia ya mabaki: vipande vya magauni, vya sare za shule, vya mapazia, vya suruali zilizokatwa miguu. Siku moja ya mapumziko Dokta alilivuta gunia moja akalitupe. Akachomoa kipande chenye maua mekundu, akachomoa kingine cha samawati, akaviweka pamoja gotini, akavitazama. Jua linazama, gunia lilikuwa bado lipo palepale na Dokta ameshaunga vipande arobaini kwa mkono.

"Wewe, umepatwa na nini?" mkewe akamuuliza.

"Napumzika, Fundi. Leo nashona kitu kisichopiga kelele."

Tangu siku hiyo hakuacha. Alikuwa akivitandaza viraka sakafuni, akivizunguka peku, akihamisha hiki akikirudisha kile, hadi macho yake yaridhike. Viraka juu, pamba nyembamba katikati, kitambaa kimoja kizima chini, kisha sindano inapita tabaka zote tatu kwa mishono midogomidogo kama punje za mchele. Blanketi moja lilimla miezi miwili, likiisha analigawa. Ndugu wote walishapata. Shemeji yake mmoja alishapata mawili na akawa anauliza la tatu.

Mama mzazi wa Dokta aliishi nao. Alikuwa bibi wa mizaha, mtu wa kuvunja watu mbavu hata msibani, mpaka meno yake ya mbele yalipomtoka, moja baada ya jingine. Kwanza akawa anacheka huku ameziba mdomo kwa upindo wa mtandio. Baadaye akawa anatabasamu tu midomo imefungwa. Mwisho akaacha kwenda kwa mashoga zake, akisema miguu inamsumbua, na miguu yenyewe mizima kabisa. Dokta aliulizia meno ya bandia, akatajiwa bei iliyomshinda, akarudi nyumbani.

"Meno ya nini?" mama yake akasema. "Nimebakiza nini cha kung'ata?"

Lakini walimwona jinsi alivyogeuza uso.

Basi ikatokea kwamba jua la mchana likawa linababua vitambaa vya wateja pale chumbani, na Fundi akatundika dirishani blanketi moja la mumewe liwe pazia. Halikukaa siku tatu. Mteja mmoja alikuja kuchukua sketi yake, akalikodolea macho pazia, akalishika, akaligeuza nyuma na mbele. Sketi akaisahau, akaondoka na pazia.

Dokta alirudi kutoka kazini akakuta dirisha liko uchi.

"Fundi, blanketi langu liko wapi?"

"Limeolewa," mkewe akajibu bila kuinua macho kwenye cherehani. "Na mahari yako hii hapa."

Dokta alizitazama zile noti kama mtu aliyepewa barua isiyo yake. "Hata hukuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

Hilo hakuweza kulibisha. Alinuna mpaka chakula kikaisha, kisha akamwona mama yake akiloweka mkate kwenye chai ili ameze bila kutafuna, na hasira zikamwishia zenyewe. "Lile la njano," akasema, "nalo waweza kulitundika."

La njano likaenda. Likafuata lenye miduara. Habari zikasambaa, na siku moja akaja mama mmoja mwenye nyumba ya wageni, mwendo wa haraka na daftari mkononi. Alitaka mablanketi manane, ya vyumba vinane. Yote yafanane. Rangi ziwe kijivu na nyeupe, zipatane na kuta.

"Kijivu?" Dokta akauliza.

"Kijivu na nyeupe. Miraba mitupu. Mwaka mmoja unakutosha?"

Dokta alimtazama mkewe, mkewe akatazama dari. Malipo ya kwanza, ambayo mama yule alikuwa tayari kuyatoa palepale, yalitosha meno. Dokta akakubali, shingo upande.

Juma lililofuata walimpeleka bibi kwa daktari wa meno. Siku mbili za mwanzo alizungumza kama redio iliyotoka kwenye masafa, kila neno lina mluzi wake. Siku ya tatu alikwenda kwa mashoga zake kwa miguu yake ileile iliyokuwa ikimsumbua, na jioni, akirudi, akakutana mlangoni na muuza mayai, wakataniana. Dokta alikuwa ndani. Akasikia kicheko kikipasuka, kicheko kipana cha zamani, hakina kitambaa juu yake. Akaiweka sindano chini, akakaa akisikiliza mpaka kikaisha.

Sasa ikabaki kazi yenyewe.

Kijivu hakikuwamo katika magunia ya Fundi, ikabidi kinunuliwe kwa jora. Dokta akakata miraba kwa futi, yote sawasawa, akaiunga yote sawasawa. Blanketi la kwanza likaenda vizuri. La pili likaisha pia. Kwenye la tatu alianza kujikuta akitazama saa. Hakukuwa na cha kutandaza sakafuni wala cha kuzunguka peku, kwani kila mraba ulishajua mahali pake kabla hajaushika. Alitoka kazini akiwaza kijivu na kurudi kazini akiwaza kijivu. Hata wodini mdomo ukamkauka. Siku moja kijana aliyekatwa na bati alianza kutetemeka kitandani, na muuguzi mwenzake akamvuta Dokta pembeni.

"Ndugu yangu, sema kitu. Umenyamaza hivyo, mgonjwa anadhani anakufa."

Dokta alijikaza kisabuni, akaendelea. Blanketi la nne alipolimaliza, Fundi alilichukua, akaligeuza, akapitisha kidole juu ya mishono. Ilikuwa mirefu, imelegea, mingine imekwenda upande.

"Huu ni mshono wa mtu anayetaka kwenda nyumbani," akasema.

"Mimi niko nyumbani."

"Ndiyo maana nakwambia."

Dokta akakaa kwenye ukingo wa meza ya kukatia, mikono mapajani. "Yamebaki manne, Fundi. Siyawezi."

"Basi turudishe pesa za watu."

"Turudishe nini? Tumeshazila. Ziko mdomoni mwa mama, zinacheka."

Sauti ikatoka chumba cha pili. "Msinitazame mimi! Sitoi!"

Wote wawili waliangua kicheko, na huko ndani bibi naye akacheka, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa Dokta alihisi mabega yake yameshuka. Fundi alipanguza machozi, akalivuta lile blanketi, akalitazama upya. Alilitazama kwa namna ambayo Dokta hakuitarajia, kama mtu aonjaye kitu na kukuta kitamu.

"Unajua mimi nashona nini kutwa?" akasema. "Mikono, shingo, makalio. Mtu ananiambia kiuno chake ni hiki, nikipima nakuta ni kile, na nguo ikimbana kosa ni langu. Mraba haudanganyi kiuno chake. Nipe hiyo miraba."

"Kwa cherehani?"

"Kwa nini kingine?"

"Lakini yeye alitaka ya mkono."

"Basi nenda kamwambie. Mwambie ukweli, asiseme tumemuuzia mbuzi kwenye gunia."

Dokta alipiga moyo konde, akaenda mwenyewe. Mama wa nyumba ya wageni alimsikiliza amesimama, kalamu juu ya daftari.

"Kwa hiyo vyumba vinne vivae, vinne vikae uchi?"

"Hapana, mama. Vinne kwa mkono wangu, vinne kwa cherehani ya mke wangu. Rangi ni hizohizo. Ila ya cherehani yatakuwa na mshono ulionyooka kuliko wangu, na bei yake itapungua. Ukikataa, nitakulipa kidogokidogo, unipe muda tu."

Mama yule aliandika kitu, akakikata, akaandika tena. "Umekuja kunieleza kabla sijakukamata," akasema. "Si kawaida ya mafundi. Leta la kwanza la cherehani nilione."

Akaliona, akalishika, akasema sawa. Fundi aliyamaliza yote manne kwa siku tisa, akiimba, huku magauni ya watu yakingoja kwenye misumari. Dokta naye alilifumua lile la nne, mshono baada ya mshono, akalishona upya kama inavyostahili, kwa kuwa lilihesabika la mkono wake. Siku ya kuyapeleka, mama yule aliyapanga mezani, akapitisha kiganja juu ya kila moja, akatenga ya mkono upande wake. Yale, alisema, yangeenda vyumba vya ghorofani ambako wageni hulipa zaidi. Akalipa salio lote, na hapohapo akaagiza mito minane ya cherehani.

"Ya kijivu?" Fundi akauliza, macho yakimng'aa.

"Ya kijivu."

Tokea hapo wakaelewana. Oda ni za Fundi. Dokta anashona akitakacho, wakati autakao, na likiisha ataamua mwenyewe kama lauzwa au lagawiwa. Wiki mbili nzima hakugusa sindano nyumbani. Ya tatu, siku ya mapumziko, Fundi alimkuta sakafuni, peku, amezungukwa na mabaki ya rangi zote, akibishana na mama yake kuhusu kipande cha zambarau.

Na katika pesa za yale mablanketi, Dokta alitoa fungu lake akaenda mjini bila kusema. Alirudi amebeba kiti begani, kiti cha kweli, chenye mgongo na mto wa kukalia, maana miaka yote hiyo mkewe alikuwa akishona juu ya stuli iliyopinda mguu.

"Umelipa kiasi gani?" Fundi akauliza kwa ukali.

"Kaa kwanza."

"Nimekuuliza kiasi gani. Kiti! Hela ya kiti si ningenunua jora zima?"

"Kaa, mke wangu."

Fundi alikaa, uso ameukunja, akaegemea taratibu kama mtu asiyeamini kuwa nyuma yake kuna kitu. Mteja aliingia na kitambaa chake, akapimwa kwa macho akaambiwa aje kesho, na Fundi hakuinuka kwenye kile kiti mpaka jioni.