Jiwe la Bei ya Godoro

Seremala alipotaja bei ya kinoo kikuukuu alichotoka kukinunua, mkewe, fundi cherehani, alishika kiuno.

"Baba, umenunua jiwe kwa bei ya godoro?"

"Machimbo yake yalishakwisha, mama. Viwanda vyote vimeshindwa kuiga ulaini huu."

"Basi leo kalilalie hilo jiwe lako!"

Seremala hakutetereka. Alilidondoshea maji, akachukua mkasi wa mkewe uliokuwa ukitafuna vitambaa wiki nzima, akaunoa bila haraka, akampa. Mke akaujaribu shingo upande kwenye hariri ya mteja. Mkasi ulipita kama unakata maji.

Kesho yake jirani alikuja kuazima kinoo. Kabla seremala hajafungua mdomo, mkewe alishasimama mlangoni.

"Jiwe letu haliazimwi."