Mgeni Aliyetafuta Kisima

Tangu maktaba ya idara ya mazingira ihamishiwe mtandaoni, hakuna aliyekuwa na sababu ya kupanda ngazi hadi chumba cha mkutubi. Zamani walikuja wanafunzi, wahandisi, hata wazee waliojidai kutafuta ramani kumbe wanatafuta feni. Sasa viti vya wasomaji vilikuwa vimepandishwa juu ya meza, miguu juu, na mkutubi alibaki na kompyuta yake, chupa ya chai, na paa la bati lililojisemea lenyewe jua likiwaka.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki. Binti yake aliolewa mbali, na akipiga simu ilikuwa ya mbiombio: "Baba, shikamoo, umekula? Haya baba, mtoto analia huku." Mkutubi alikuwa mpweke, tuseme tu ukweli. Mpweke wa kumsalimia jirani mara mbili asubuhi moja na kujifanya amesahau kwamba alishamsalimia.

Ndiyo maana aliipenda kazi moja ambayo wenzake wa makao makuu waliiona ya kipuuzi: kusoma maneno ambayo watu huandika kwenye kisanduku cha kutafutia katika katalogi. Mtambo ulimwonyesha maneno hayo, pamoja na nambari ambayo mtambo wenyewe hukipa kila kifaa kinachotumika, nambari isiyopigika wala kusema mtu ni nani na yuko wapi. Basi. Hakuweza kumjibu mtu. Aliyasoma tu, kama anayesikiliza maongezi ya chumba cha pili. Wengine walimvunja mbavu. Kuna mmoja aliyeandika "sheria ya jirani kuchoma takataka", na muda si muda nambari ileile ikaandika "adhabu ya kumpiga jirani".

Kisha akaja Mgeni wa Mchana. Jina hilo alimpa mwenyewe, kwa sababu nambari yake ilionekana siku za kazi tu, wakati watu wengi wako kwenye chakula. Siku ya kwanza Mgeni aliandika neno moja, "kisima". Katalogi ikajibu: Hakuna kilichopatikana. Kesho yake akaandika "maji ya kisima yana povu". Hakuna. Siku iliyofuata, "kisima nyuma ya kiwanda cha ngozi". Hakuna.

Mkutubi alijikuna kichwa. Taarifa ya visima vya nyuma ya kiwanda cha ngozi ilikuwamo humo humo, na aliyeiingiza ni yeye, ukurasa kwa ukurasa. Wapimaji walikuwa wamekuta dawa za kulainishia ngozi zimepenya ardhini, wakaandika kwamba maji yale yasinywewe, hata yakichemshwa. Lakini katika katalogi taarifa hiyo iliitwa "Tathmini ya ubora wa vyanzo vya maji chini ya ardhi, Ukanda wa Pili wa Viwanda". Nani angeota jina hilo akiwa na ndoo mkononi?

Aibu ilikuwa ni yake. Miaka ya nyuma kamati ya istilahi ilikaa, ikanywa soda, ikaamua kwamba katalogi ya serikali haiwezi kusema kama watu walioko jikoni. Neno "kisima" likafutwa. Hata "choo" nalo likafutwa, sijui watu walitakiwa waende wapi. Mkutubi alikuwamo kwenye kamati, na mkono aliunyoosha mapema kuliko wote, maana alitaka kikao kiishe akawahi nyumbani. Enzi hizo nyumbani kulikuwa na mtu wa kumuwahi.

Ijumaa alimpigia simu bosi wake, kijana wa umri wa binti yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, bosi. Kuna mtu anatafuta kisima. Nataka niliongeze neno hilo kwenye taarifa ya kiwanda cha ngozi."

"Lakini hilo neno kamati ililitoa. Na wewe si ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, ndiyo."

"Basi tusubiri kamati ikae."

"Itakaa lini?"

"Ikikaa tutakujulisha." Bosi akapunguza sauti. "Mzee wangu, umebakiza kidogo ustaafu. Usije ukamwaga unga kwa ajili ya neno moja."

Mkutubi alirudisha simu mahali pake na kufungua taarifa ile kwenye kompyuta. Nywila alikuwa nayo. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupepesa jicho: kuandika neno na kubonyeza, kisha katalogi ingejisasisha usiku na kulionyesha kesho. Vidole vilishafika kwenye herufi. Akasita.

Alijiambia kwamba anamwogopa bosi, na kweli alimwogopa. Lakini chini ya woga ule kulikuwa na jambo jingine, na alilijua. Mgeni akishakipata anachokitafuta, atarudi kufanya nini? Hakuna mtu anayeingia kwenye katalogi kuja kujulia hali. Wiki ile mkutubi alikuwa akiwahi kazini, akinyoa ndevu, akimimina chai mapema ili mchana umkute ametulia. Alikuwa na mtu wa kumngoja. Akaizima kompyuta. Jumatatu, alisema moyoni, nitaandika Jumatatu.

Jumatatu mchana Mgeni aliandika: "mtoto anatapika maji ya kisima".

Hakuna kilichopatikana.

Mkutubi aliinuka kwa kishindo. Chai ilimwagika mezani na hakuifuta. Aliifungua taarifa ile akaandika, bosi apende asipende: kisima. Hakuishia hapo. Akayapanga maneno ya Mgeni yote kama yalivyokuja: maji ya kisima yana povu, kisima nyuma ya kiwanda cha ngozi, mtoto anatapika. Mwisho akaongeza yake: yasinywewe, hata yakichemshwa, mpelekeni mtoto hospitali. Kisha akampigia fundi wa mitambo.

"Fundi, nakuomba uisasishe katalogi sasa hivi."

"Mzee, unajua inajisasisha usiku. Nikiigusa mchana watu wote wanakwama."

"Wakwame."

"Kuna nini kwani?"

"Kuna mtoto anaumwa, na mimi nimelala na dawa yake tangu Ijumaa."

Fundi hakuelewa hata chembe, lakini sauti ya mzee ilimwingia. "Haya," alisema. "Usimwambie mtu ni mimi."

Kabla jioni haijaingia, nambari ya Mgeni ilirudi. Iliandika "kisima", safari hii katalogi ikatoa taarifa moja, na taarifa ikafunguliwa. Ilikaa wazi muda mrefu. Mkutubi alikaa akiitazama nambari ile, mikono katikati ya magoti, akiomba Mungu mtu yule awe anajua kusoma haraka.

Baada ya hapo, kimya. Bosi aligundua, akafoka, akaleta barua ya onyo, na mkutubi akaisaini bila ubishi. Onyo halikumuuma. Kilichomuuma ni zile siku za katikati, Jumamosi na Jumapili alizokaa sebuleni akikunja nguo zilizokwisha kunjwa, huku kwa watu wengine ndoo ikishuka kisimani. Je, mtoto alikuwa hai? Hakukuwa na wa kumuuliza. Watu waliendelea kutafuta mchwa, mafuriko, leseni za mkaa. Akayasoma yote na hakuna lililomchekesha.

Siku moja, wakati wa chakula, nambari ilionekana tena. Kwenye kisanduku kile kile cha kutafutia Mgeni alikuwa ameandika: "asante sana wewe uliyeandika maneno yangu mtoto ametoka hospitali anacheza".

Katalogi ikamjibu kama inavyowajibu wote: Hakuna kilichopatikana.

Mkutubi alisoma hadi macho yakaingia ukungu. Akalia, mtu mzima, peke yake katikati ya viti vilivyopinduliwa, akacheka pia. Akatafuta mahali pa kuandika jibu akijua fika kwamba hapapo.

"Karibu tena," akaiambia kompyuta kwa sauti.

Neno likamrudia ndani ya kile chumba kitupu, akajiziba mdomo kwa kiganja. Maana mtu yule angerudi kwa jambo moja tu, maji yakiharibika tena na mtoto akiugua tena. Na mkutubi alijua kwamba aliposema karibu, alimaanisha.