Mdomo Uliobaki Wazi

Mechi zote za nyumbani nimezitazama kwa mgongo. Nasimama juu ya kijukwaa cha chuma nyuma ya goli, kipaza sauti mkononi, uso kwa mashabiki na kisogo kwa uwanja. Goli likiingia silioni, nalisoma kwenye nyuso. Kabla kelele haijatoka nyusi zinapanda, midomo inafunguka, na mimi najua kama tumefunga au tumefungwa. Watu huniuliza, sasa wewe unakwenda kutazama nini? Nawatazama nyinyi, nawajibu. Nani anaimba na nani amekuja kupiga picha.

Nyimbo nazitunga mwenyewe. Hakuna mwalimu aliyenishika mkono. Mizani nilijifunza karakana, kaka yangu akigonga ganda la weldi kwa nyundo, ko ko ko ko, ko ko ko ko, nane kila mstari, nami nikipanga maneno juu ya mapigo yake. Neno likizidi, nyundo inalikata. Mjini hapa hakuna jukwaa lenye nyimbo kama zetu, na sitaomba radhi kwa kusema hivyo.

Hata lile pipa letu la kupigia ni kazi ya kaka. Lilikuwa pipa la mafuta. Akalikata kiunoni, akachomelea vishikio, akasaga kingo zake zisimkate mtu. Yeye alipiga, mimi niliimbisha. Wimbo wetu mkubwa, ambao hata watoto wanaujua, tuliutunga pamoja tukiwa tumekalia geti ambalo halijapakwa rangi:

*Tumekuja, tutakaa,*
*hata zikizimwa taa,*
*kwa raha na kwa balaa,*
*timu yetu, tutakaa.*

Halafu yeye ndiye aliyeondoka. Alianza kukosa mechi ndogo. Baadaye akawa anakuja zile kubwa tu, na akija anakaa upande wa viti, na wale wanaopiga makofi kwa vidole viwili. Mwisho akaacha kabisa. Nilipomuuliza alisema, "Makelele yamenichosha, mdogo wangu." Makelele! Mtu aliyetengeneza pipa kwa mikono yake!

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kazini alikuwa yule yule. Yeye yupo kwenye grinda, mashine ya kusagia chuma, mimi nachomelea pembeni yake, na grinda ikilia hakuna anayemsikia mwenzake, kwa hiyo karakana nzima tunaongea kwa mikono. Ngumi ni simama. Kidole kinachozunguka ni endelea. Kiganja wazi ni "nini sasa?" Huko alinitania, alinirushia vipande vya chuma, alicheka. Tukishatoka getini anakuwa mtu mwingine. Namwita barabarani, hageuki. Namsimulia jambo tukitembea, ananijibu "ndiyo, ndiyo" na macho yako mbali. Nikasema basi, kaka amepanda cheo moyoni, mimi na jukwaa langu tumekuwa uchafu.

Nilitaka arudi kwenye pipa. Ndilo jambo pekee nililotaka msimu ule. Kombe wangechukua wengine, poa tu.

Wiki ya mechi ya mahasimu tulikutana kwa Wembe. Wembe ni kinyozi, na ndiye aliyerithi pipa.

"Jumamosi mtawaona," alisema huku akimkwangua mteja shingo. "Mashabiki wa keki! Siku ya kukanda unga hawapo, siku ya kukata wanakuja na sahani."

Mama Tarumbeta akacheka. Anauza vitambaa duka la jirani, na mapafu yake yanaweza kumwamsha refa aliyelala. "Wewe Wembe, mimi mara ya kwanza nililetwa na mvua. Ilinikuta barabarani, nikaona jukwaa lenu lina bati. Ungenifukuza?"

"Wewe ulikuwa na mapafu, mama."

"Ungejuaje? Mechi nzima nilitafuna karanga, kimya kama bibi harusi."

"Asiyeimba anapoza wenzake. Unamsimamisha mtu wa baridi katikati ya moto, moto unakufa. Akae kwenye viti, huko kuna mito ya makalio."

"Tiketi zao ndizo zinanunua nyavu."

"Nyavu tutashona wenyewe!"

"Bwana kinyozi," mteja akasema taratibu, "hilo unalotaka kunyoa ni sikio."

Tulicheka sana. Kisha Wembe akanielekezea mashine. "Na wewe mtunzi, upo upande gani?"

Nikamwimbia wimbo mpya. Nilikuwa nimeutunga kwa hasira, juu ya mapigo ya ule wimbo wa zamani ili Wembe asihangaike na pipa:

*Hili jukwaa ni letu,*
*sauti na jasho letu,*
*mgeni asiye wetu*
*hapati nafasi kwetu.*

Wembe alizima mashine. "Huo ndio wenyewe! Tutawachoma nao. Na iwe kanuni: asiyeimba anaonyeshwa viti."

Mama Tarumbeta hakucheka. "Mwanangu, nani amekuudhi? Wimbo huu una mtu ndani."

"Una watu, mama."

"Haya. Kama una watu."

Jioni nilikwenda kwa kaka. Televisheni ilikuwa inaonyesha mpira bila sauti, kama ilivyo siku zote nyumbani kwake. Nikasimama mbele yake.

"Kaka, Jumamosi uje. Nyuma ya goli, si huko kwenye viti. Nimetunga mpya."

Alinitazama mdomoni, kama anayesubiri nimalize kutafuna. "Jumamosi?"

"Jumamosi. Usimame karibu na pipa. Siku hizi anapiga Wembe."

"Wembe!" Akacheka, cheko lake la zamani. "Yule anapiga kama anafukuza panya. Sawa, nitakuja."

Nilitaka ausikie. Nilitaka umchome, achomeke, akasirike, amnyang'anye Wembe fimbo za pipa aseme nani mgeni hapa? Sikuwa na njia nyingine ya kumwambia arudi. Mimi mambo mazito nayasema kwa ubeti.

Shemeji alinisindikiza mpaka mlangoni. "Shemeji, huko uwanjani ukimtaka, mguse bega. Usimwite kwa kelele."

"Kwani amekuwa mfalme?"

Alifungua mdomo kunijibu. Kaka alikuwa amesimama nyuma yetu, akimtazama. Shemeji akarudi kwenye nguo zake za kukunja.

Jumamosi alikuja na jezi ya zamani iliyochujuka mpaka rangi ya timu ikawa ya kubahatisha. Jukwaa lilikuwa limejaa hadi kwenye ngazi. Wa keki walikuwepo, wamebeba simu juu kama wanatafuta mtandao. Kaka alipita katikati yao akaja kusimama kando ya pipa, akaweka kiganja kwenye ukingo alioulainisha mwenyewe. Moyo wangu ukapiga kelele.

Nikainua mkono. Wembe akashusha fimbo. Tukaanza.

Ulishika moto kabla sijafika mstari wa pili. Watu walikuwa wamejifunza wiki nzima, vibarazani na makazini, na sasa walikuwa wanawanyooshea vidole wale wenye simu: *mgeni asiye wetu, hapati nafasi kwetu!* Wa keki walicheka kwa aibu na kushusha simu. Nilijiona mrefu kuliko goli.

Kazi yangu ni kusoma midomo. Wimbo ule unafungwa kwa "tu" kila mstari, kwa hiyo mwisho wa kila mstari jukwaa zima lilichongoa midomo pamoja, kama watu wanaopuliza jiko. Midomo yote ilichongoka, ila mmoja ulibaki wazi.

Nikatazama vizuri. Ulikuwa wa kaka. Katikati ya watu waliokuwa wakiimba hapati nafasi kwetu, yeye alikuwa anaimba *tumekuja, tutakaa*. Anaimba kwa nguvu, mishipa ya shingo imesimama, anacheka.

Jeuri, nikasema. Ameamua kunijibu mbele ya watu.

Nikamgeuzia kipaza sauti. "Kaka! Wimbo mpya!"

Macho yake yalikuwa uwanjani. Nikamwita tena, safari hii kwa jina la utotoni ambalo ni mimi tu ninalolitumia. Alikuwa hatua chache mbele yangu, kipaza sauti kimemwelekea usoni. Watu wa safu ya juu kabisa waligeuka kutazama namwita nani. Yeye hakupepesa hata jicho. Kiganja chake kilikuwa bado kwenye pipa. Wembe alipochelewesha pigo, mdomo wa kaka ulichelewa nao. Wembe alipoharakisha, ukaharakisha. Alikuwa anasikia kwa kiganja, na kiganja kilimpa mapigo lakini hakikumpa maneno.

Mkono wangu ukashuka wenyewe. Televisheni isiyo na sauti. "Ndiyo, ndiyo" za barabarani. Mguse bega, shemeji. Makelele yamenichosha. Grinda ilikuwa imemla masikio kidogo kidogo, na mimi nilisimama pembeni yake siku zote hizo nikiongea naye kwa vidole, nikidhani tunasikilizana.

"Huyo ndugu yako anaimba nini?" Wembe alikuwa amemwona. "Hata maneno hayajui! Naye amekuja kukata keki? Kanuni ni kanuni, aonyeshwe viti!"

Vijana wawili nyuma yake wakaanza kunyoosha vidole upande wa viti. Mmoja akamgonga bega. Kaka aligeuka akitabasamu, akidhani anasalimiwa, akampa mkono. Kijana hakuupokea. Kaka akatazama vile vidole, akatazama midomo ya watu, na nikaona kicheko kikimtoka usoni kidogo kidogo. Akanigeukia mimi. Akafungua kiganja, kama tunavyofanya kazini. Nini sasa?

Nikamzungushia kidole. Endelea.

Kisha nikainua ngumi, jukwaa likanyamaza, na nikaimba peke yangu kwenye kipaza sauti: *Tumekuja, tutakaa…*

"Umerukwa na akili?" Wembe alipiga kelele. Fimbo zake zilisimama. Pipa liliponyamaza mdomo wa kaka ukajifunga, akakitazama kiganja chake kama simu iliyokatika.

Aliyeniokoa ni Mama Tarumbeta. Aliukamata ule wimbo wa zamani pale nilipouangusha, akaupuliza mpaka bati likatetemeka. Na wale wa keki, ambao mpya hawakuujua, huu waliujua. Waliuimba. Ukapanda kutoka kwenye ngazi, ukapanda kutoka kwenye kona za wageni, mpaka Wembe akalazimika kupiga. Kiganja cha kaka kikapokea. Mdomo ukafunguka.

Mwisho wa kila mstari midomo yote ilikuwa wazi pamoja na wake. Hakujua kwamba kabla ya hapo alikuwa anaimba peke yake.

Tulifungwa. Nililiona goli kwenye nyuso kama kawaida, nyusi zikashuka zote. Kaka naye alishika kichwa. Kwa hilo hakuhitaji masikio.

"Umefurahi?" Wembe aliniuliza watu wakitoka. "Moto wetu umeuzima kwa ajili ya wageni. Na Jumamosi ijayo tunaurudia ule mpya, utake usitake."

"Wimbo ni wangu. Nimeuzika."

"Huwezi kuuzika, watu wanaujua."

Alisema kweli, na nilimchukia kwa hilo. Nje ya geti vijana walikuwa wanauimba tena, wakiwazomea wenye jezi mpya.

Kaka alinisubiri. Tukatembea bega kwa bega, nikahakikisha nipo mbele kidogo ili aone mdomo wangu.

"Ule wimbo wako mpya," alisema, "nimeupenda sana."

"Upi, kaka?"

"Ule wa mwanzo. Umepevuka siku hizi. Una maneno mazito." Aliyasema akitazama mbele, kidevu juu, kiburi kile kile cha nyumbani kwetu. Nilijua nikimgusa hapo atavunjika, na nilijua hatanisamehe.

"Ulikugusa wapi?"

"Kote. Hasa ule mwisho wake."

"Asante, kaka."

"Ila Wembe bado anafukuza panya."

"Njoo upige wewe. Jumamosi."

Alinitazama mdomoni muda mrefu. "Mimi ni mtu wa mechi kubwa siku hizi," akasema, na akacheka kidogo.

Nikapunguza mwendo, yeye akatangulia. Vijana walitupita wakiimba hapati nafasi kwetu, wakamgusa begani kwa utani, naye akawapungia mkono. Nikabaki nyuma yake. Nikamwita kwa lile jina letu. Nikamwambia kwamba wimbo ule ulikuwa wake, kila mstari, na kwamba sauti yangu yote niliipata kwenye nyundo yake. Nilisema kwa sauti kubwa, wapita njia wakageuka.

Yeye aliendelea kutembea, kiganja chake kikigonga paja taratibu, nne, na nne.