Kisu cha Kukatia Masikio ya Mbuzi

Acha niseme mwenyewe, maana soko zima la Mutomo linalisimulia jambo hili vibaya. Wanasema mume wangu Mbaluka alienda kortini kuua. Upuuzi mtupu! Mtu wa kuua havai suti yake ya kanisa.

Mbaluka ni mchuuzi wa mbuzi. Nyuma ya chuma cha mshipi wake kulikuwa na kisu kifupi. Ukivuta chuma, kisu kinatoka nacho. Fundi wa viatu ndiye aliyemtengenezea, kwa sababu mbuzi akikiona kisu anarukaruka, na mbuzi anayeruka huwezi kumkata alama ya ukoo sikioni. Kila mfugaji huku anakijua. Hakuna aliyewahi kukiita silaha, na mshipi wenyewe Mbaluka alikuwa hauvui ila wakati wa kulala.

Binti yetu Kavindu aliuawa na mumewe, Mulinge. Sitafunafuni maneno. Mbaluka alikuwa amepita kuwasalimia akamkuta Mulinge akitoka ndani na mchi wa kutwangia mahindi ya muthokoi, una damu, na mtoto wetu yuko sakafuni. Hakukuwa na shahidi mwingine. Kesi nzima ilikuwa mdomoni mwa mume wangu.

Siku ya ushahidi, mlangoni pa korti, askari alimpitishia kile kidude cha kukagua kikalia kiunoni.

"Mzee, hii ni nini?"

"Ni mshipi tu."

"Hebu toa."

Akauvua. Askari akavuta chuma, kisu kikatoka. Niliuona uso wa Mbaluka ukibadilika. Alikuwa amekisahau kabisa, jinsi mtu anavyosahau kwamba amevaa kofia. Askari akasema kisu cha kawaida angekichukua tu akiweke, lakini hiki kimefichwa, na cha kufichwa kina nia mbaya. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Wakamtia pingu.

Alipoitwa, wakamfungua pingu akapanda kizimbani bila mshipi. Mkono mmoja ulishika Biblia, wa pili ukashika suruali isimwanguke. Akaeleza aliyoyaona yote, polepole, bila kuongeza chumvi. Nikaanza kupumua. Kisha wakili wa Mulinge akasimama.

"Mzee, kwa nini ulificha kisu?"

"Ndio mbuzi asikione."

Watu wakacheka.

"Na leo mbuzi alikuwa nani?"

Kicheko kikakatika. Mbaluka akasema alikuwa amesahau tu, hakuja kumdhuru mtu.

"Umeapa mbele ya Mungu. Hujawahi kutaka kumuua huyu kijana?"

Sema hapana, nilimwomba kimoyomoyo. Neno moja tu, baba, Mungu atakusamehe. Lakini niliyeolewa naye ni mzee wa kanisa, mtu ambaye hata akiuza mbuzi mgonjwa anamwambia mnunuzi ni mgonjwa. Alimtazama Mulinge, akaitazama ile Biblia.

"Nimetaka," akasema. "Kila asubuhi nikiamka."

Jaji aliposoma hukumu alisema shahidi pekee ana chuki na alikuja na silaha ya kufichwa, kwa hivyo hawezi kumtegemea. Mulinge akaachiliwa. Akapita karibu yangu akinukia sabuni. Mbaluka naye akashtakiwa kwa kile kisu, na maneno yale yale aliyoyasema kizimbani yakamfunga.

Nilipoenda kumwona gerezani sikumpelekea salamu za mtu yeyote. Nilikuwa nimechemka.

"Ungesema hapana tu," nikamwambia. "Kwani ingekugharimu nini?"

 Amekonda, na suruali ya jela pia ameishika kwa mkono.

"Nilikuwa nimeapa, mama Kavindu."

Nikamwambia asiniite hivyo tena.