Uso Ukutani

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vumbi. Lilikuwa juu ya siti ya baiskeli ya mume wangu, laini, jekundu, na katikati yake kuku alikuwa ameacha alama za vidole vyake. Nilisimama na ufagio mkononi, nikaziangalia alama zile. Leonce hakuwa mtu wa kuacha kuku atue pale. Siti ile aliifuta kila asubuhi kwa kitambaa kabla hajanawa uso.

Wiki sita za kutopanda baiskeli alizopewa na daktari zilikuwa zimepita zamani. Tulikuwa tumekwisha vuna. Hata hivyo gunia la mahindi alilipeleka mashine kwa kuikokota baiskeli, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye gunia, akitembea kwa hatua fupi kama anayepita penye miiba. Mimi nilimfuata na beseni kichwani. Pale njia panda Twaha, fundi baiskeli, akamwona.

“Leonce! Siku hizi baiskeli unaisindikiza kama bibi harusi? Panda bwana, haing’ati!”

Watu wakacheka. Leonce naye akacheka. Lakini mimi nilikuwa nyuma yake, nikaiona shingo yake ilivyokakamaa.

Twaha hakujua. Hapa Maposeni hakuna aliyejua, isipokuwa sisi wawili, na sisi wawili hatukuwahi kulizungumza.

Mimi ni mtu wa Lusewa. Shule niliiacha darasa la tano mama alipougua, na hata nilipokuwa shuleni sikuwa wa kunyoosha kidole. Mwalimu akiuliza, jibu nilikuwa nalo, nikabaki nalo. Nilipochumbiwa, Shangazi Emerensiana alinifungia ndani siku tatu kunifunda. Kupika nilikujua, kulima nilikujua. Lililobaki alilisema akisuka ukili, bila kuinua macho.

“Mwanamke mwenye heshima hamkodolei mume wake macho. Akikujia, uso wako uwe ukutani. Na mambo ya chumbani hayana mdomo, umesikia, Oliva?”

“Nimesikia, shangazi.”

Nikaolewa, nikayashika. Ukuta wetu ni wa udongo, una ufa mmoja unaoanzia juu na kugawanyika mara mbili kama njia ya maji. Kwa miaka miwili niliutazama ufa ule. Naujua kuliko ninavyoujua mwili wa mume wangu.

Siku aliyoniambia tulikuwa tunapukuchua mahindi ukumbini. Alikuwa na gunzi mkononi, analizungushazungusha.

“Oliva, mimi sikuumbwa sawa. Uume wangu umepinda, tangu kuzaliwa. Najua umeona.”

Sikuwa nimeona kitu. Mwili wangu nao haukuwahi kulalamika. Lakini mambo yale hayakuwa na mdomo, nami nikajibu, “Mh.”

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa hukumu aliyoitarajia. “Kuna daktari ananyoosha,” akasema.

Hospitali ilikuwa mbali, safari ya kutwa nzima. Daktari alikuwa mpole. Aliniuliza mimi, tena kwa kunitazama: “Na wewe, mama, hali hii inakusumbua? Inakuumiza?” Nilitazama vigae vya sakafu. Kimoja kilikuwa kimevunjika pembeni. Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo kama darasani, mdomoni kabisa.

“Anaona aibu, daktari,” Leonce akasema. “Inamsumbua.”

Daktari akaandika. Kisha akaeleza taratibu kwamba watanyoosha, ila urefu utapungua kidogo, na hisia nazo zinaweza kupungua, na wapo wanaofanyiwa wasiridhike. Akauliza kama tumeelewa. Leonce alikuwa amelishika lile neno la kwanza tu. Uso wake uling’aa kama wa mtoto aliyeahidiwa viatu.

Akapasuliwa, uume ukanyooka. Alichoahidi daktari alikitimiza, hatuwezi kumsema vibaya. Mimi nilichemsha maji kila asubuhi na jioni, nikatia chumvi, nikaweka beseni nyuma ya mlango na kuondoka. Nilimsikia akivuta pumzi kwa meno anapokaa. Asubuhi, mwili unapoamka wenyewe kabla ya mtu, alikuwa akiuma ncha ya shuka. Maumivu makali yakaisha, kidonda kikafunga. Siku moja akaniambia kupitia mlangoni, mara hiyo moja tu: “Kama wa mtu mwingine. Umefupika. Kovu ni gumu kama fundo la kamba, na upande mmoja nikigusa sisikii kitu.”

Nilisimama nje na kopo tupu.

Baada ya hapo akahamishia mkeka wake chumba cha mahindi. Mama mkwe wangu, Mama Severina, aliingia siku moja kuchukua ungo, akauona.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Huyu mwanangu analala na mahindi? Mjukuu wangu mnamtafuta kwenye magunia?”

Nikacheka kwa heshima. Alipoondoka nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia, kisha nikanawa uso kwa maji ya kuku.

Tulirudi kwa daktari mara moja. Alisema kidonda kimepona vizuri, na kwamba mengine yanataka muda. “Zungumzeni,” akasema. Tulipanda basi tukarudi hadi nyumbani bila kuzungumza.

Halafu ikaja ile alasiri. Leonce alikuwa anafunga begi. Rafiki yake Salum alikuwa amemwitia kazi ya korosho Nalasi. Baiskeli ilikuwa imeegemea ukuta, na vumbi lake. Nilimuuliza atarudi lini.

“Msimu ukiisha nitaangalia.”

Akafunga zipu, akaifungua, akaifunga tena.

“Unajua nilitaka nini, Oliva? Siku moja tu uniangalie. Miaka miwili unageukia ukutani. Nikasema, huyu namtia kinyaa, ama namuumiza. Nikasema, nikinyooka, atageuka.”

Ndipo nilipojua kwamba kwenye kisu kile cha daktari nilimpeleka mimi. Maneno yote yalikuwa mdomoni, yamejipanga. Nikachukua begi lake nikamsindikiza hadi barabarani. Nilimwambia, “Safiri salama.”

Sasa ni mwezi wa tatu. Siti naifuta kila asubuhi kwa kitambaa chake. Yeye hupiga simu Jumapili nikitoka kanisani. “Mmeshindaje?” “Salama.” “Mama hajambo?” “Hajambo.” Kisha tunasikilizana tunavyopumua hadi salio linapokwisha.

Jumapili hii nilimpigia mimi. Nilikaa kitandani, mgongo nikauegemeza kwenye ule ufa, macho yangu yakaangalia upande anaolala yeye. Alipoitika sikumsalimu, maana nilijua nikisalimu nitaishia hapo.

“Leonce, usikate. Hujawahi kuniumiza. Kugeukia ukutani nilifundishwa na shangazi, kwamba ndiyo heshima. Kama umepinda mimi sikujua, kwa sababu sikukuangalia hata siku moja. Na nilitaka. Tangu siku ya kwanza nilitaka kukuangalia.”