Kihispania cha Zizini

Wifi yangu Nyanjige alianza kujifunza Kihispania akiwa na miaka sitini na kitu, na mimi nilimwambia wazi kwamba amechanganyikiwa. Kiswahili chenyewe tunakizungumza huku Kisukuma kikichungulia mlangoni, ndiyo aongeze na lugha ya Hispania? Akaendelea kupepeta mtama wake. Nyanjige ana kiburi cha kunyamaza, na kinaniudhi kuliko matusi.

Sababu yake niliijua, wala haikuwa ya kuchekesha. Mwanawe wa pekee, Mabula, alikwenda kufanya kazi Hispania, akaoa huko Valencia mwanamke aitwaye Pilar. Wakapata mtoto wa kiume, wakampa jina la babu yake, marehemu kaka yangu, Luhende. Mabula alipokuwa hai, yeye ndiye aliyewaunganisha kwenye simu: bibi anasema, baba anatafsiri, mjukuu anacheka. Mwaka jana Mabula akafariki ghafla, akazikwa hukohuko. Tangu hapo simu ikipigwa, bibi na mjukuu walibaki kutazamana kwenye kioo mpaka bando linakwisha. Kisha Pilar akatuma ujumbe kwamba likizo ijayo atamleta mtoto apaone kwao baba yake.

"Wifi," Nyanjige aliniambia, "huyo ndiye Mabula niliyebakiwa naye. Akija tukaishia kutazamana hivihivi, nitakuwa nimezika tena."

Akaenda parokiani kwa Sista Remedios, mtawa kutoka Meksiko anayehudumia wagonjwa. Sista akasema hana muda wa darasa, ila kama wataongea huku mikono inafanya kazi, atakuja kwetu Somanda, hapa Bariadi, siku zake za kupumzika. Hapo Sista alikuwa amempata mtu wake, maana Nyanjige hajui kukaa bure.

Wakichambua pamba, safi upande huu na chafu upande ule, Sista anasema limpio, sucio, na wifi anarudia huku anatupa. Wakikata viazi vya michembe ili wavianike, kisu kikawa cuchillo. Neno ambalo mkono wake haujaligusa alilikataa. Sista alipomletea habari za uwanja wa ndege na hati ya kusafiria, alimwambia aziache hukohuko parokiani.

Asubuhi moja nilikwenda kuazima sufuria nikamkuta anakamua. "Quieta," alimwambia ng'ombe, "quieta, mi reina." Tulia, malkia wangu. Ng'ombe yule alinunuliwa mnadani Zagayu, amekua kwa Kisukuma na fimbo, na alitulia. Mwanamke niliyezoea kumsikia akigombana na kuku alikuwa anambembeleza mnyama kwa lugha ya nchi asiyowahi kuiona, na maneno yalitoka kama vile alizaliwa nayo. Nilirudi nyumbani bila sufuria.

Hata hivyo hofu haikuniisha. Kihispania chake kilikuwa cha zizini na jikoni tu. Angeongea nini na mtoto wa mjini aliyefiwa na baba?

Walifika alasiri kwa gari la kukodi kutoka Mwanza, na Sista alikuwa amekuja kutusaidia kutafsiri. Pilar akashuka, amekonda, akatusalimu "Mwadila", salamu ya Kisukuma ya alasiri, kama mumewe alivyomfundisha. Tukaitikia. Mtoto hakushuka. Alikuwa na miaka saba, macho ya Mabula yaleyale, ameng'ang'ania mkanda wa kiti. Mama yake akambembeleza, akagoma. Kupitia Sista, Pilar akatuomba tusimlaumu, kwa kuwa tangu msiba hasemi na mtu asiyemjua.

Nyanjige hakukimbilia kumkumbatia. Alifuta mikono kwenye kanga, akaenda mpaka mlangoni mwa gari, akashika kiuno na kukunja uso.

"¿Dónde estabas, marido mío?" alisema. "La comida está fría."

Sista alinitafsiria huku ameduwaa: ulikuwa wapi, mume wangu, chakula kimepoa. Alidhani wifi amekosea neno, akataka kwenda kumsahihisha. Nikamshika mkono. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mke na mume kwa utani, tangu siku anayozaliwa. Angemlaki vipi tena? Lakini mtoto wa Valencia angelijuaje hilo? Nilimwona Pilar anasogea kumkinga mwanawe, nikajua wifi ameharibu.

Mtoto akaachia mkanda. Akauliza kitu polepole.

"Anauliza," Sista alininong'oneza, "kama yeye ndiye mke wake wa Bariadi."

Pilar akaziba mdomo kwa mkono. Mabula, alitueleza baadaye, kila akimlaza mtoto alimwambia kwamba ana mke mkali Bariadi, anamngojea na chakula. Yeye Pilar alidhani ni hadithi za kumpatia mtoto usingizi.

"Soy yo," wifi akajibu. Ni mimi. Kisha, bila kulegeza uso, akadai haki yake: ng'ombe wa mahari wako wapi? Vacas ni neno analolijua kuliko yote. Mume gani huyu anakuja mikono mitupu?

Luhende akashuka garini. Akasimama mbele ya bibi yake na kumjibu, na safari hii Sista alichelewa kutafsiri mpaka nikamfinya.

"Anasema ng'ombe atalipa baba. Baba alimwahidi."

Ni kweli, kwetu baba ndiye humlipia mwanawe mahari. Na baba yule alikuwa kaburini ng'ambo. Nikaomba Mungu ampe wifi neno la kumjibu. Akapiga magoti vumbini, yeye anayeyalalamikia magoti hayo kila kukicha, akamshika mtoto mabega.

"Ya pagó," alimwambia. "Los pagó todos."

"Ameshalipa," Sista alisema. "Amelipa ng'ombe wote."

Luhende alimwangukia bibi yake shingoni akalia kwa nguvu, na Pilar akaniambia kwamba hajamwona akilia tangu siku ya mazishi.